Turudi Tulikotoka

Mke wa mgombea alikuwa akipiga pasi shati la mumewe alipojiona kwenye kioo cha kabati, mvi zake zote zimetoweka. Alimalizia kola kwanza. Jana yake mumewe, ambaye mtaa ulimbandika jina la Mzee Maadili, alikuwa jukwaani akitaka kumng'oa mbunge aliyepo, na kama kawaida alifunga mkutano kwa kauli moja: "Turudi tulikotoka!" Mkewe ndiye aliyekaa karibu naye kuliko wote, basi akaanza kurudi yeye.

Kila mkutano ulimpunguzia miaka. Kamati ya kampeni ilifurahi, maana mabango yalipendeza, na fundi cherehani akapewa kazi ya kuyabana magauni yake. Mtoto wao mkubwa, mwenye ndevu zake, akawa anasita kumwita mama.

Kilichomuuma ni kazi. Alikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi, kazi aliyoisomea ukubwani, watoto wamelala na mume amenuna. Sasa mikono yake ilikuwa inaisahau. Siku aliyopapasa tumbo la mzazi asijue kichwa cha mtoto kiko wapi, muuguzi mkuu alimshauri kwa upole akapumzike nyumbani.

Alimwomba mumewe aiache kauli ile moja tu, mengine aseme atakavyo.

"Hiyo ndiyo inayopigiwa makofi," Mzee Maadili alisema. "Na kwani umeharibika nini? Umependeza."

Debe tupu haliachi kuvuma. Akaenda kuvuma tena.

Kwenye mkutano wa mwisho mkewe alisimama jukwaani akiwa binti wa sare ya shule, madaftari kwapani, vile vile alivyokuwa siku bwana huyo alipomtoa darasani kumwoa. Uwanja mzima ulimwona. Zamani iliyosifiwa kampeni nzima ilikuwa imesimama mbele yao, viatu vimelika visigino. Watu walitazamana, wakapiga makofi, wakapanga foleni ya fulana.

Mgombea alishindwa vibaya, wala si kwa ajili ya binti. Fulana za mbunge zilikuwa nzito zaidi. Mzee Maadili alisema kizazi hiki hakina haya.

Asubuhi ya matokeo binti alimfuata sebuleni, sare ameinyoosha mwenyewe.

"Shikamoo," alisema. "Naomba nirudi shule."

"Marahaba. Na chai atapika nani?"

Binti aliweka madaftari juu ya kabati, akaenda kuwasha jiko.