Mvuke wa Protini

Bi Shekha wa Mambrui alianza kuwafukiza wanawake kabla hajazaliwa huyo binti wa kakake aliyekuja kumtibulia kazi. Chumba chake kilikuwa uani, kimeezekwa makuti, hakina dirisha. Ndani mlikuwa na vigoda vinne na nyungu kubwa iliyotokosa majani ya mkaratusi, mchaichai na mwarobaini. Waliingia maarusi, wazazi waliomaliza arubaini, wenye mafua na wenye uvivu. Wote walitoka wametota jasho, wakisema wamekuwa wepesi kama pamba. Zaidi ya hapo Bi Shekha hakumwahidi mtu kitu.

Mambo yalibadilika siku ya Idi, baada ya biriani. Sumeiya, binti wa kakake, alikuwa akifanya kazi katika maabara moja huko Kilifi, na ukoo mzima ulijua tu kwamba "anasoma".

"Hebu nambie, mwanangu," Bi Shekha alimuuliza mbele ya watu, "mwafanya nini hasa huko? Mwaka wa tatu huu, hata dawa ya kikohozi hatujaiona."

Sumeiya alifurahi. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Shangazi, seli ya mwili ikipatwa na joto kali, protini zake huanza kuharibika, mfano wa ute wa yai unavyoganda kwenye maji ya moto. Basi seli hutoa protini nyingine, za ulinzi. Hizo huzishika zile zilizolegea, zikazikunja upya zikae sawasawa. Twaziita protini za mshtuko wa joto. Lakini hutoka kwa dhiki yoyote, si joto pekee."

Bi Shekha alikuwa ameshatua kwenye neno joto, na hapo hakuondoka.

"Na kinga ya mwili, zahusika?"

"Zahusika sana. Na saratani pia. Ila hapo, shangazi, pana maneno marefu…"

Kahawa ikaletwa, watoto wakaanza kupigania halua, na yale maneno marefu yakabaki mdomoni mwa Sumeiya.

Wiki mbili baadaye alirudi Mambrui, akakuta bango limetundikwa mlangoni kwa shangazi yake: MVUKE WA PROTINI. HUAMSHA KINGA. HUZUIA SARATANI. UMETHIBITISHWA KILIFI. Pembeni alikuwa yeye mwenyewe pichani, na koti lake jeupe, anatabasamu.

"Shangazi! Nani aliyethibitisha?"

"Wewe. Mbele ya watu kumi na sita."

"Mimi nilisema juu ya seli zilizo ndani ya kisahani cha maabara!"

"Nasi twakaa juu ya vigoda. Kila mtu na chombo chake."

Baada ya mvutano mrefu Bi Shekha alikubali kuikata ile picha. Maneno aliyaacha. Wanawake wakaja kutoka Malindi, wakaja kutoka Gongoni, wakaja mpaka walimu wa sekondari. Bi Shekha alijifunza kulitamka neno protini kwa uzito wa daktari. Mteja akitoka amelowa, humtazama paji la uso, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Leo umetoa nyingi."

Alikuwa anaoga asubuhi moja alipogusa kitu kwenye titi la kulia. Kilikuwa kama punje ya mbaazi, kigumu, hakiumi. Hakumwambia mtu. Aliingia chumbani mwake kabla ya wateja wa kwanza, akajifunika blanketi, akakaa mpaka akaona nyota. Kesho yake vivyo hivyo, na keshokutwa. Miezi minne alijifukiza kila siku iliyopambazuka, na ile mbaazi ikawa kungumanga. Kilichomzuia kusema hakikuwa kifo. Lilikuwa bango. Atapita vipi chini yake, akielekea hospitalini, na watu wanasoma?

Mwisho alimwita Sumeiya, akaushika mkono wake, akauweka pale. Sumeiya akasema, "Vaa buibui lako, shangazi. Twende."

Hospitalini walichukua kinofu wakakipeleka kupimwa. Majibu yalipotoka, walikaa wawili kwenye benchi la ukumbini, na Bi Shekha hakulia. Alikuwa na hasira.

"Miezi minne nimezitoa protini kwa jasho langu. Zilikuwa wapi?"

"Zilikuwepo. Ndiyo yale maneno marefu," alisema Sumeiya. "Seli ya saratani nayo ni seli. Huishi kwa dhiki. Yakua mbio, hewa haiitoshi, mambo yake ya ndani yamepindapinda. Ilipaswa kufa zamani. Sasa huwatumia walinzi walewale, tena wengi kuliko seli yenye afya, wakaishikilia isife."

"Kumbe nilikuwa nampelekea adui askari!"

"Hapana. Joto la nyungu yako halifiki huko. Mwili hujipoza wenyewe. Hukuilisha saratani, wala hukuitibu. Uliloanisha ngozi tu."

Hilo ndilo lililomchoma Bi Shekha. Usaliti angeuvumilia. Kuambiwa kwamba miaka yote hiyo alikuwa akiloanisha ngozi za watu, hilo lilimkaa kooni.

"Na kinga, je? Au nayo ulinitania?"

"Sikukutania. Seli ya saratani ikipasuka, protini hizo humwagika nje zimeshika vipande vyake. Askari wa mwili huzipokea, wakaviona vile vipande, wakajua nani wa kusakwa. Zikiwa ndani humficha mwovu, zikitoka nje humtaja. Watu wamejaribu kufanya chanjo kwa njia hiyo miaka mingi. Matokeo bado hayajatulia."

"Hazina haya, hizo protini zenu," alisema Bi Shekha, akaomba maji.

Alipasuliwa. Akatiwa dawa Mombasa zilizomng'oa nywele na nyusi, zikamfanya achukie hata harufu ya mchele. Chumba kilifungwa miezi minane. Daktari alipomwambia kwamba hawaioni tena saratani, ila lazima arudi kupimwa, alipanda gari akarejea Mambrui, mwembamba, ana kilemba.

Akakuta foleni mlangoni.

"Mwaona?" mmoja alikuwa akiwaambia wenzake. "Alipata saratani, akaishinda kwa protini zake mwenyewe!"

"Nimekatwa!" Bi Shekha alipaza sauti. "Nimetiwa dawa! Mvuke haukunisaidia chochote!"

Walitazamana wakakonyezana. Mwenye siri hawezi kuitangaza, walielewa. Alipoling'oa bango kwa mikono yake miwili wakamsifu kwa unyenyekevu. Mwezi ule foleni ilifika barabarani.

Ukweli ulipokataliwa na kila mtu, Bi Shekha alibuni sharti. Hakuna atakayeingia kwenye mvuke kabla hajapapaswa naye matiti na kwapa, kama muuguzi alivyomfundisha. Wateja walikubali papo hapo. Waliamini anaziamsha protini.

"Shangazi, wawaacha waamini uongo," Sumeiya alilalamika.

"Nimewaambia ukweli mara mia. Hawautaki. Basi waukose na mkono wangu?"

Wa kumi na tisa alikuwa Mbeyu, mkulima wa Sabaki. Vidole vya Bi Shekha vilisimama.

"Vaa."

"Sijafukizwa, mama!"

"Na hufukizwi. Twaenda hospitali, mimi na wewe, sasa hivi."

Mbeyu alibisha mpaka kwenye tuktuk. Lakini uvimbe ulikuwa mdogo, na madaktari walisema amewahi. Baada ya upasuaji alirudi Mambrui na dada zake wawili pamoja na kapu la maembe. Alisimulia njia nzima jinsi mama huyu alivyoyavuta maradhi kwa ncha za vidole, akawaachia madaktari kazi ndogo ya kuyaondoa.

Sumeiya alikuwepo, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya leso.

"Wacheka," alisema shangazi yake. "Wewe umepimwa lini?"

Kicheko kilikatika. Sumeiya alitazama chini, akaanza kueleza habari za kazi, na safari, na umri wake bado mdogo.

"Ingia ndani," alisema Bi Shekha, akamfungulia mlango.