Uso Uliovutwa Karibu

...au ni kiongezeo tu, Satoe anajiambia, ni hiki kipande cha vioo nilichokibana kati ya kamera na lenzi, hiki ndicho kinachosema uongo, maana nani asiyejua kwamba kiongezeo hakikupi masafa bure, kinakuvutia mtu wa mbali mpaka unahesabu kope zake, halafu kinakunyang'anya nusu ya mwanga, na ukali wa picha kinautafuna kidogo kidogo kama panya, na leo mwanga wenyewe uko wapi, mvua za Juni zimelifunika bwawa tangu asubuhi, maji ya kijivu, mbingu ya kijivu, kwa hiyo labda, labda tu, picha ni mbovu na kaka yake ni mzima... anazirudisha picha kwenye kioo cha kamera, moja, nyingine, nyingine tena, boti sita zinamjia uso kwa uso, ni zile mbio za majaribio za kuwaonyesha wacheza kamari nani ana injini na nani ana mdomo, na ile saa kubwa ng'ambo ya bwawa mkono wake unazunguka kuelekea sifuri, na waendeshaji watano wameinua videvu kuitazama, kama inavyopasa, kwani ukivuka mstari kabla ya sifuri umeharibu, na ukichelewa umeachwa, saa ndiyo mchezo wenyewe, na huyu wa sita, mwenye fulana nyekundu, Norifumi, kaka yake wa tumbo moja, kidevu chake kiko chini. Anatazama ncha ya boti nyeusi iliyo kushoto kwake. Saa haitazami kabisa.

"Naona umeongeza kidude leo," anasema mzee Yokokura wa gazeti lile lingine, amechutama chini ya mwavuli wake na bakuli la supu ya matumbo, "kwenye mwanga huu? Utapiga picha za mizimu, mama." Ndiyo, mzee, anajibu, mhariri anataka nyuso, na ni kweli, mhariri amechoka na picha za povu na migongo, amesema jana, Satoe, gazeti halinunuliwi kwa sababu ya maji, nipe macho ya watu, basi leo amekitoa kiongezeo mfukoni kwa mara ya kwanza msimu huu, na kwa nini mara ya kwanza, kwa nini msimu mzima alikiacha kabatini, eh, kwa sababu kaka alimwomba. Nyumbani kwa mama, siku ile ya mwaka mpya, akicheka, "Sato, ukinipiga picha usinivute karibu, nimezeeka, mikunjo hii waione wake zangu watarajiwa wote?" na yeye akacheka pia, mjinga, akamtii, akaona ni mbwembwe za mwanamume wa miaka arobaini na minne asiyekubali mvi, na msimu mzima akampiga kwa lenzi tupu, kwa mbali, kofia na kinga ya uso na povu, akimfichia siri ambayo hakuijua. Mficha maradhi, kilio humuumbua... hapana, asiseme neno kilio, sio leo, sio mbele ya maji.

Injini za boti zimezimwa sasa, zimefungwa gatini kwenye kibanda chao upande wa pili, sita zimepangwa, nyeupe, nyeusi, nyekundu, na kipaza sauti kinawaambia watu dirisha la tikiti za kamari bado liko wazi, na jamaa mmoja nyuma ya uzio, sauti imekwaruzwa na sigara, anapiga kelele, "Nyekundu! Norifumi! Leo usinilaze njaa, baba!" na wenzake wanamcheka, "Wewe njaa umezaliwa nayo," na Satoe anasikia jina la kaka yake likirushwa hewani. Wanampenda. Anaanza vizuri siku hizi, wanasema, mzee lakini anaanza vizuri, hajakosea mstari tangu majira ya baridi, na ni kweli, kwa sababu anaanza kwa macho ya mwenzake, akiiona ncha ya boti ya jirani inaruka naye anaruka, jirani akiwa sahihi naye ni sahihi, na jirani akikosea... chai. Ile chai. Aliimimina nje ya kikombe, mezani kwa mama, ikachirizika mpaka kwenye mkeka, akamwambia, we kaka, umelewa asubuhi hii? naye bila hata kutikisika, "Mimi? Chai ndiyo imelewa," na mama akacheka mpaka akakohoa, na Satoe akafuta mkeka. Alifuta mkeka! Halafu jioni alimkuta jikoni akiosha mchele, amempa mgongo, mkono unazungusha mchele kwenye maji, na anajisemea chini chini, kulia, chini, chini, kushoto, juu, kulia, chini, chini, akadhani anakumbuka zile ngoma za sikukuu ya mtaani, hatua za miguu, akamwacha, akaona hata raha, na sasa hapa, na mvua ikimwingia shingoni, anajua zilikuwa hatua za nini. Ni zile pete za ubaoni kwa daktari wa macho, pete yenye pengo, sema pengo liko wapi, kulia, chini, chini, kushoto. Kaka yake ameukariri ubao. Kila mashindano yanapoanza wanapimwa macho, na yeye anasimama mbele ya ukungu na kuimba.

Mungu wangu... hapana, tulia, tazama tena, ni kiongezeo. Lenzi ikiwa na kiongezeo inatafuta shabaha kama mtu aliyeamka sasa hivi, inapapasa, inashika povu badala ya uso. Anaikuza picha mpaka kinga ya uso ya kofia inajaa kioo chote. Ukali kweli umepungua, kingo zimelainika, angempelekea mhariri picha hii ingetupwa, lakini kidevu si jambo la ukali, kidevu kiko juu au kiko chini, hata lenzi ya mtoto ingesema. Na macho yamekazwa, yote mawili yamefinywa kwenye ile boti nyeusi, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye barua gizani. Anaogopa. Kaka yake anaogopa, yeye aliyemnunulia kamera yake ya kwanza kwa ushindi wake wa kwanza, aliyemwambia, mimi nitakimbia, wewe utanishika, na hajawahi katika maisha yake kuuona uso huo ukiwa na hofu, na msimu huu hakuruhusiwa hata kuusogelea.

Mpigie simu. Mkono umeshafika mfukoni kabla akili haijafika, mpigie, mwambie, kaka, sema tumbo linakuuma, sema injini ina hitilafu, rudi nyumbani tutazungumza... simu gani? Simu zao zimefungiwa tangu siku ya kwanza, wanalala humo ndani, hawatoki, hawaongei na mtu wa nje hata mke, wasije wakauza mbio, sheria ni sheria, na katika siku hizi zote njia pekee ambayo Satoe anaweza kumfikia ni hii lenzi, anamwona naye haonekani, hawezi hata kumpigia mluzi. Mlango uko mmoja tu, ule wa kijani chini ya mnara wa waamuzi, na mlinzi wake, na ukisema neno pale halirudi, watamtoa botini mbele za watu wote, tikiti zitarudishwa, watauliza tangu lini, watauliza daktari alidanganywaje, na magazeti, pamoja na gazeti lake, yatataka uso. Jina lake litafutwa majini. "Nikitoka majini, Sato, mimi ni nani? Muuza dagaa?" alisema hivyo, siku ileile ya mwaka mpya, na hapo hakuwa anacheka. Basi nyamaza. Ni mbio moja tu, mizunguko mitatu, amezikimbia maelfu, nyamaza leo, akitoka mwishoni mwa wiki mkae, mlie, astaafu kwa heshima na maua... na yule kijana Ibuki, mwaka juzi, boti ya kijani, alipoanguka kwenye kona ya kwanza na aliyekuwa nyuma yake alikuwa na macho mazuri kabisa, macho ya mwewe, na bado hakuwahi kukwepa. Satoe alikuwa amechutama hapa hapa. Picha ile haikuchapishwa, ila ameiona kila alipofumba macho, na sasa anaona wengine watano kwenye kona hiyo, wote wana mama zao, na nyuma yao mtu anayekuja kasi akifuata rangi nyeusi ndani ya mvua.

Anainua kamera mara ya mwisho. Kule gatini kaka yake amesimama, amevua kofia, anaelekeza uso huku, huku kabisa, uso mzima umejaa ndani ya lenzi, karibu hivi kwamba angeweza kumfuta maji ya mvua kwenye nyusi, na Satoe bila kufikiri anainua mkono wa koti lake la njano, koti alilomletea kaka mwenyewe ili amtambue kati ya wapigapicha, anaupunga mkono, anaupunga tena, na kaka yake anamtazama moja kwa moja, na hamwoni.

Kaka atamchukia akilisema neno pale mlangoni. Hatakuja tena kwa mama mwaka mpya, hatamwita Sato, atakufa na chuki hiyo akiwa mzee sana, mzee wa miaka tisini, Satoe anaomba iwe hivyo, miaka tisini ya kumchukia.

"Mzee Yokokura, nishikie hii."

"Sasa hivi? Mbio zinaanza, mwanangu, unakwenda wapi?"

"Kumharibia kaka yangu maisha."

Mzee anacheka, supu inamwagika gotini, anapokea lenzi ndefu na kiongezeo chake kwa mikono miwili, "Kumbe una kaka!" na boti bado ni sita, zimefungwa gatini, mvua ni ileile.