Wa Trekta na wa Mdaku

Pale kwenye banda la farasi hakuna mteja aliyewahi kutajiwa kilo zake. Mizani ilikuwepo, kubwa tu, lakini ilikuwa ya majani makavu na magunia ya pumba. Mwenye banda alikuwa amepiga marufuku kumpandisha binadamu juu yake tangu siku ambayo mama mmoja mwenye heshima zake aliangua kilio mbele ya wajukuu. Kwa hiyo kazi ya kupima watu ikaachiwa macho, na macho yenyewe yalikuwa ya mwanamke mmoja ambaye jina lake halisi pale lilikuwa limeshasahaulika. Wote walimwita Jicho.

Jicho alisimama langoni, mikono nyuma, kama mtu asiye na shughuli. Mteja akishuka tu kwenye gari, kazi imeanza. Hakuhangaika na tumbo, maana tumbo linapiga chuku. Alitazama namna kisigino kinavyotua kwenye kokoto, unene wa kifundo cha mkono, upana wa shingo, na mtu anavyojiinua akitoka kwenye kiti. Mpaka mteja anamfikia na kumpa mkono, hesabu ilikuwa imeshafungwa. Farasi habebi zaidi ya sehemu moja ya tano ya uzito wake mwenyewe, tandiko likiwemo. Akiwa mzee, au akiwa amewahi kuumwa mgongo, hata hiyo sehemu ya tano inapunguzwa. Jicho hakuwa na mjadala katika hilo, na waliojaribu kumbembeleza walirudi nyumbani kwa miguu yao.

Akishamaliza hesabu, alipaza sauti kuelekea ghala la matandiko: "Huyu ni wa Sukari!" Na fundi matandiko, mtu wa maneno mengi na mikono miepesi, akamtoa Sukari. Wateja walidhani wanapewa farasi anayelingana na tabia zao, na wengine walivimba kichwa kwa hilo. Wafanyakazi walijua ukweli. Wa Trekta ni kipande cha mtu, kilo mia na ushee. Wa Sukari ni watu wa katikati. Wa Mdaku ni wepesi: wasichana wa shule, na wazee waliokwisha kukauka. Wiki iliyopita tu, mwenye duka moja la mabati alikuja akajitangaza kuwa ana kilo themanini, tena na viatu. Jicho akamwambia kwa uso mkavu, "Naona, bosi." Kisha akageuka. "Huyu ni wa Trekta!" Yule bwana akafurahi kweli, kwamba ameonekana ni wa Trekta.

Mdaku alikuwa jike dogo la rangi ya kahawia, na alipata jina hilo kwa kutia pua katika mifuko ya watu. Sasa alikuwa amezeeka. Mwenye banda alikuwa ameamua kwamba wiki hii ikiisha, tandiko halitamgusa tena. Atakula na kulala mpaka siku zake ziishe. Uamuzi huo ulimridhisha kila mtu isipokuwa baba yake Jicho.

Baba yake alikuwa fundi kwato. Maisha yake yote ya kazi aliyamalizia pale, ameinama, mguu wa farasi mapajani, akipunguza kwato na kupigilia viatu vya chuma. Lilikuwa pande la mtu, mabega ya kuzibia mlango. Usiku ambao Mdaku alizaliwa, mganga wa mifugo alichelewa, na fundi kwato ndiye aliyemvuta yule mtoto kwa mikono yake akamleta duniani akiwa hai. Tangu siku hiyo alimpenda kwa upendo ambao mkewe aliuita wazimu. Lakini Mdaku alipofikia umri wa kupandwa, ilionekana wazi kwamba hatakua mkubwa, na fundi kwato alikuwa mtu wa Trekta. Hakuwahi kumpanda hata mara moja. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha binti yake hesabu ile, binti akiwa bado anakalia sanduku la nyundo, kwa hiyo hakuwa na mahali pa kukatia rufaa.

Hata hivyo, tangu alipostaafu, kila alipokuja aliuliza, "Leo vipi, nampanda?" Na kila mara Jicho alijibu, "Ukikonda, baba." Ilikuwa imegeuka utani wa nyumbani.

Ijumaa hiyo alasiri alikuja bila kuambiwa. Tangu baridi ilipoanza hakuwa amefika bandani. Alisema ni goti. Jicho alikuwa akimwona kila Jumapili nyumbani, kitini, blanketi hadi kifuani, na alikuwa amelizoea hilo goti. Sasa alimwona akivuka lango akiwa na koti lake la kazi la turubai, kofia ileile, mluzi uleule. Alimwona baba yake, basi. Hakuona mtu anayetembea.

"Shikamoo, baba. Goti limekuruhusu?"

"Marahaba. Goti nimeliacha nyumbani na mama yako. Mdaku yuko wapi?"

"Hata hujakaa!"

"Nimekaa miezi. Nataka kumpanda kabla hamjamstaafisha."

Jicho akacheka. "Baba, hili tumeshalizungumza."

"Hatujalizungumza. Wewe umekataa tu, mimi nikaenda zangu."

"Na nani alinifundisha kukataa?"

"Mimi. Kwa hiyo leo nataka unikatae kwa haki," akasema mzee. "Nipime kama mteja. Huwa hunipimi, unanisalimia tu."

"Wewe nakujua."

"Unamjua baba yako. Mimi nakuambia pima mtu."

Akarudi mpaka langoni. Akageuka, akaanza kuja tena, polepole, akinyanyua kofia kushoto na kulia kama tajiri anayeingia hotelini. Jicho alicheka mpaka machozi yakamlenga. Alitazama kofia na mbwembwe zake. Visigino hakuvitazama hata kidogo, na kama angevitazama angegundua kwamba kokoto hazikulia.

"Huyu ni wa Trekta!" akapaza sauti.

Mzee akairudisha kofia kichwani. "Haya," akasema. "Kama ni Trekta, ni Trekta."

Fundi matandiko akamleta yule farasi mkubwa, akamwamkia mzee, akamtania kwamba Trekta ameanza kuomba likizo alipomwona, kisha akarudi zake ghalani kupaka mafuta ngozi. Mzee akapanda juu ya gogo la kupandia, akaweka mguu wa kushoto katika kikuku, kile chuma cha kukanyagia. Jicho akazunguka upande wa pili.

Hiyo ndiyo desturi ya pale. Mtu anapopanda kushoto, tandiko linavutwa upande wake na kumbinya farasi mgongoni, kwa hiyo lazima mwingine ashike kikuku cha kulia na kukivuta chini ili mambo yabaki sawa. Kwa mtu mwepesi, mkono mmoja unatosha. Kwa mtu wa Trekta, unashika kwa mikono miwili na kuning'iniza nyonga. Mwili wa Jicho uliujua uzito wa baba yake kuliko akili yake ilivyoujua. Alikuwa amemshikia kikuku mara nyingi mno. Akashika kwa mikono miwili, akakaza meno, akaegemea nyuma kwa nguvu zake zote.

Tandiko likaja upande wake. Liliteleza lote juu ya mgongo wa Trekta, na Jicho akatua chini kwa makalio, kikuku kikiwa bado mikononi. Trekta akageuza shingo kumwangalia. Upande ule mwingine mzee alikuwa amekumbatia shingo ya farasi, kofia imeanguka.

Kule ghalani fundi matandiko akaangua kicheko. "Dada! Leo umekula nini?"

Hilo lilikuwa kosa la mwanagenzi wa siku ya kwanza. Jicho aliinuka, akajipangusa vumbi, akalegeza mkanda, akalirudisha tandiko mahali pake. Chini ya tumbo la farasi aliona buti la baba yake, kubwa kama zamani, na juu ya buti mguu wa suruali ukipepea wenyewe. Mzee akajaribu tena, safari hii akafika juu. Jicho alikishika kikuku kwa mkono mmoja, na mkono huo ulitosha.

Akazunguka mbele, akasimama, na kwa mara ya kwanza akamtazama kama anavyotazama watu. Shingo ilikuwa inaelea ndani ya ukosi. Chini ya koti kulikuwa na sweta, chini ya sweta sweta jingine. Kifundo cha mkono kilichoshika hatamu kilikuwa cha mtu mwingine. Mkanda wa kiunoni ulikuwa na matundu mapya, yamepangwa kwa ustadi, kazi ya mtu aliyezoea kutoboa kwa msumari na nyundo. Hesabu ikaja yenyewe, upesi, kama inavyokuja kwa mteja yeyote, na Jicho alitamani airudishe ilikotoka.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu baridi ilipoanza."

"Umeonana na daktari?"

"Wawili. Na wamekubaliana, jambo ambalo nasikia ni nadra."

"Baba, usinitanie."

"Sikutanii. Wamesema ni suala la muda, na muda wenyewe si mwingi."

"Mama anajua?"

"Unadhani nani anapunguza hizi suruali?"

"Na mimi? Mimi nilikuwa wa kufichwa?" Sauti yake ilipanda, na Trekta akatega masikio. "Kwa nini hukuniambia?"

Mzee alimpapasa farasi shingoni kabla ya kujibu. "Wewe huwa huambiwi kilo za mtu, mwanangu. Unaziona. Nikakaa mbele yako kila Jumapili nikasema, leo ataona. Wewe ukanipandishia blanketi."

Jicho alikasirika. Alimkasirikia yeye, akamkasirikia mama yake na sindano yake, kisha hasira ikarudi nyumbani kwake mwenyewe na kukaa. Watu wa mabati aliwasoma kutoka langoni, na huyu mmoja alishindwa kumwona akiwa umbali wa mkono.

"Usilie hapa," mzee akasema. "Farasi wanashtuka."

"Silii."

"Vizuri. Sasa nipime vizuri, halafu taja jina."

Jicho alitafuta sababu za kukataa. Mdaku ni mzee, na hilo alikuwa ameshalihesabu. Tandiko, alikuwa amelihesabu. Koti na yale masweta, alikuwa ameyahesabu. Aliirudia hesabu toka mwanzo, taratibu, kama mtu anayepekua mfuko ambao anajua hauna kitu, na kila mara ilitoka vilevile. Sheria ilikuwa upande wa baba yake. Kitu alichomnyima kwa haki miaka yote hii, leo kilikuwa haki yake, na hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kumzuia. Lakini kulitaja jina lile ilikuwa kukubali. Akishalisema, halitakuwa goti tena.

Mzee alisubiri. Alikuwa na subira ya mtu aliyengoja maelfu ya farasi wainue mguu.

Jicho akageukia ghala. "Huyu," akasema. "Huyu ni wa Mdaku!"

Fundi matandiko akatokea mlangoni na kitambaa cha mafuta mkononi, amefurahi. "Nani, mzee? Wa Mdaku? Labda mguu mmoja!"

Hakuna aliyecheka. Jicho hakugeuka kumtazama baba yake, wala hakushusha macho.

"Ni wa Mdaku," akarudia, polepole.

Fundi matandiko naye alikuwa mtu wa kazi hiyo. Alimtazama mzee kwa kitambo, kuanzia buti mpaka ukosi. Akakiweka kitambaa juu ya kizingiti, akaingia ndani, na alipotoka alikuwa amebeba tandiko dogo.

Mzee alipokwisha kushuka mgongoni mwa Trekta, Mdaku aliletwa, na kama kawaida yake akaanza na mifuko. Alipekua koti la turubai kwa pua, mfuko hadi mfuko, mpaka akapata kipande cha karoti kilichowekwa huko kwa makusudi. Mzee akapanda gogo. Jicho alishika kikuku cha kulia, na safari hii alivuta kiasi kinachotakiwa, si zaidi. Ulikuwa mvuto mdogo sana. Tandiko halikusogea.

Kisha akafanya kama alivyofundishwa akiwa bado anakalia sanduku la nyundo. Alikuja nyuma ya tandiko, akalaza kiganja chake juu ya kiuno cha farasi, na kumwambia atembee. Farasi aliyeelemewa hukaza misuli hapo, hufupisha hatua, hupeperusha mkia bila nzi. Mdaku alitembea. Mgongo wake ulicheza chini ya kiganja, laini, na shingo ikanyooka mbele. Juu yake mzee alikuwa amekaa wima, kofia kichwani, anatabasamu kwa meno yake yote.

"Analalamika?" akauliza bila kugeuka.

Jicho alikuwa akisubiri. Mkono wake ulisikiliza hatua baada ya hatua, na alijikuta anaomba, kwa moyo wake wote, mgongo ule ukaze japo kidogo.

"Halalamiki," akasema.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, baba."

Akauacha mkono wake palepale, akatembea nao uwanja mzima.