Shemeji Mezani kwa Daktari

Mbwa alipogongwa na pikipiki, mzee aliyemfuga hakungoja huruma ya mtu. Alimbeba kifuani mpaka kliniki ya mifugo, akausukuma mlango kwa teke.

"Anaitwa nani?" daktari aliuliza, akimmulika mbwa machoni kwa tochi.

"Shemeji."

"Shemeji?"

"Jina alimpa marehemu mke wangu. Alisema anakula, analala, hachangii kitu, na kuondoka haondoki."

Daktari alibana kicheko. Mboni moja ilikuwa imetanuka kuliko ya pili. "Baba, damu imevujia ndani ya fuvu, inaubana ubongo. Lazima nitoboe niitoe. Subiri nje, tafadhali."

"Sitoki!"

Marehemu mke wake naye aliingia chumba cha upasuaji akitania watu, akatolewa kafunikwa shuka, na wakubwa wa hospitali ile wakamjibu mzee neno moja tu: usingizi, yaani dawa ilimzidi. Wao wanakosea, sisi tunazika.

"Dawa ya usingizi utakayompa inafanya nini? Nieleze taratibu, shule niliiacha njiani."

Daktari akaona huyu habanduki. "Hii nyeupe ya mshipani inapunguza presha ndani ya kichwa. Hilo ndilo ninalotaka. Lakini inashusha pia presha ya damu mwilini. Nikiisukuma haraka, damu haitaufikia ubongo."

"Basi isukume polepole."

"Ndivyo nitakavyofanya. Ila wewe kwanza mwachie shingo."

Alishtuka. Kumbe alikuwa ameukaza mkanda wa shingoni kwa mkono mzima, kama alivyozoea kumtuliza.

"Mishipa ya hapo ndiyo inayoteremsha damu kutoka kichwani," daktari alisema. "Ukiiminya, unazidi kuijaza huko juu."

Aliachia kama aliyeshika kaa la moto, akahamishia kiganja ubavuni.

Dawa ikaingia kidogo kidogo, Shemeji akalegea. Katikati ya kutoboa fuvu, mashine ya kupima presha ikapiga kelele.

"Presha imeporomoka. Napunguza dawa, naongeza maji. Anaweza kufa hapa hapa, baba. Nikiacha sasa, hafiki kesho. Niendelee?"

Siku ile ya mke wake hakuna aliyemuuliza kitu.

"Endelea. Na kila kinachotokea nitajie, kibaya usinifiche."

"Haya. Bonge la damu linatoka... Presha inapanda, kwa kusuasua... Mboni inaanza kusinyaa. Lakini hatujavuka, baba."

"Wewe fanya kazi, mwanangu," alisema, kiganja kikipanda na kushuka na ubavu wa mbwa. "Mimi nipo."