Kijigeti cha Yeonju

Yeonju hakuweka kile kijigeti kwa kuogopa wezi. Alikiweka kwa ajili ya Bori, paka wake wa rangi ya shayiri, ambaye mlango wa nje ukifunguliwa tu, hata kwa kupokea kifurushi, alichomoka mbio. Basi pale pa kuvulia viatu, kati ya mlango na sebule, Yeonju alisimamisha fito za mbao kutoka sakafuni hadi darini, akatia komeo. Sheria ilikuwa moja: funga mlango wa nje kwanza, ndipo ufungue kijigeti.

Mumewe, Taegyu, aliishika sheria. Mama yake Taegyu, bibi Bongnye, aliiona upuuzi, na yeye alikuwa na namba ya siri ya mlango. Pale Daegu, mji wao huko Korea, ukiolewa ukamnyima mama mkwe namba, ukoo mzima utakusema. Yeonju aliitoa mwenyewe baada ya harusi, akitabasamu, na tangu siku hiyo akajuta. Bibi Bongnye aliingia apendavyo, makopo ya kimchi, ile kabichi ya kuchachusha yenye pilipili, mikononi, akapanga upya friji ya watu na kunusa mashuka yao.

"Mnaishi gerezani," alisema. "Na mfungwa ndiye anayekula samaki."

"Anakula chakula chake, mama."

"Mimi nangoja mjukuu, wewe unalea manyoya."

Siku moja ya baridi kali Yeonju alirudi kutoka kazini akakuta mlango umeachwa wazi, ule mguu wake wa chuma umeshushwa kuuzuia usijifunge, na kijigeti nacho wazi. Bibi Bongnye alikuwa jikoni anafuta meza.

"Bori yuko wapi?"

"Nimemfungulia." Hata hakugeuka. "Nyumba yenye paka mimba haishiki, nani asiyejua? Nimefanya kile ambacho mwanangu anaona haya kukifanya. Utanishukuru."

Yeonju aligeuka mbio. Alishuka ngazi akiita jina la Bori, akaita mpaka sauti ikamkauka. Asubuhi yake alimkuta chini kabisa ya jengo, nyuma ya baiskeli kuukuu, anatetemeka, sikio limechanika. Alimpandisha nyumbani ndani ya koti, akalia, akajifuta machozi, kisha akabadilisha namba ya mlango.

"Nimpigie mama nimwambie amepatikana?" Taegyu aliuliza.

"Mpigie. Ila beba na mto wako, ukalale kwake."

Taegyu akairudisha simu mfukoni.

Jumapili bibi Bongnye alikuja na kimchi yake, akabonyeza namba. Mlango ukakataa. Akabonyeza tena na tena mpaka kitasa kikaanza kupiga kelele jengo zima. Jirani wa mlango wa pili, ambaye huimba naye kwaya kanisani, akachungulia.

"Umesahau namba ya mwanao, dada?" aliuliza kwa upole wa kinafiki.

Sauti ya Yeonju ikatoka kwenye kengele ya mlangoni. "Hajasahau. Nimeibadilisha. Mama, ulimtoa Bori. Mlete Bori, nami nitakufungulia."

Bibi Bongnye aliondoka uso umemshuka, makopo yake kayaacha hapohapo sakafuni. Kuanzia kesho yake akaonekana kwenye maegesho, mkononi dagaa wakavu, anapiga magoti kwenye barafu kuchungulia chini ya magari. "Bori, njoo, Bori." Mwanamke ambaye akiona paka alikuwa akivuka barabara. Juu, nyuma ya kioo cha roshani, Yeonju alimtazama huku akinywa chai ya shayiri, Bori amelala mapajani mwake. Alijisikia vizuri, tusidanganyane.

"Magoti yake ni mabovu," Taegyu alimnong'oneza.

"Na sikio la Bori je?"

Ndipo alasiri moja kengele ikalia. Kwenye kioo cha kengele alionekana bibi Bongnye, amekumbatia shali yake, na ndani ya shali paka wa rangi ya shayiri anafurukuta. Mikono ya bibi ilikuwa imejaa mikwaruzo.

"Nimempata," alisema, na sauti ilimtetemeka kwa furaha. "Fungua, mwanangu."

Yeonju alibonyeza kitufe, mlango ukafunguka. Bibi aliingia hadi kwenye viatu, akainua macho. Nyuma ya kijigeti alisimama Yeonju, na miguuni pake Bori, mnene, anajilamba.

Bibi alimtazama huyu, akamtazama yule.

"Alirudi lini?"

"Kesho yake, mama."

Yeonju alikuwa amejiandaa kwa matusi, majibu yote anayo. Matusi hayakuja. Bibi alizidi kumkumbatia yule paka wa watu.

"Funga mlango kwanza," Yeonju alisema.

Bibi Bongnye aligeuka, akausukuma mlango kwa bega, akaujaribu kuona kama umejifunga kweli. Yeonju akafungua komeo, akampokea paka kutoka kwenye shali, akarudisha komeo.

"Na mimi?" bibi aliuliza kutoka upande wa pili wa fito.

Yeonju alikwenda jikoni kumtafutia paka mgeni chakula. Hakuwa na haraka.