Jina Lililomzuia Mfagizi

Kompyuta iliganda tena mchana ule, na zahanati ya Kibera iliyotuagiza tuiandikie programu ilikuwa imetuambia wazi kwamba imechoka nasi.

"Kumbukumbu imejaa," nilisema. "Huyu mfagizi wako wa kuisafisha kumbukumbu kalala?"

Shivachi, mwenzangu katika kiofisi chetu cha Nyayo Highrise, alicheka. "Halali, Nanyama. Hupita humo ndani akiondoa kila kitu kisichoitwa na yeyote. Kikiitwa hata na mmoja tu, hakigusi."

"Hata kama ni cha zamani?"

"Hata kama kilikufa kitambo."

Neno hilo lilinichoma, naye akaona, akainamia kibodi. Majirani zangu wa Kabiro waliniita Mama Austine tangu mwanangu azaliwe. Alipofariki, wakaanza kuniita Nanyama, jina langu mwenyewe, kwa huruma. Siwalaumu. Ila kila walipolikwepa jina lake nilimwona akizidi kufutika, na hofu hiyo ilinizidi hata ile ya siku ya mazishi.

Tulitafuta hadi tukapata chanzo. Kila ukurasa ulipofunguliwa upya, ukoo mpya wa klasi, yaani vipande vya programu, ulipakiwa kwenye kumbukumbu. Ule wa zamani haukuondoka, kwa kuwa mstari mmoja tuliousahau ulikuwa bado unaitaja klasi moja ya ukoo huo. Klasi hiyo ilimshikilia mpakiaji wake, ile sehemu iliyoipakia, naye aliwashikilia ndugu wote wa klasi hiyo, basi mfagizi hakuwagusa.

"Mama yangu!" nilisema. "Mstari mmoja tu?"

"Mmoja tu."

Jina moja, likitajwa mahali pamoja, lilikuwa limeuzuia ufagio wote ule.

Shivachi aliufuta mstari. Tuliitazama kumbukumbu ikishuka, ikashuka, kompyuta ikawa nyepesi kana kwamba imenunuliwa jana. Shivachi alipiga makofi. Mimi machozi yalinilengalenga, kwani koo zile zilikuwa zimeondoka bila kuacha hata alama.

Jioni, nilimkuta jirani yangu Lavender uani akianua nguo.

"Sasa, Nanyama? Leo umechelewa."

"Usiniite hivyo, Lavender."

Alishtuka. "Kwani nimekukosea?"

"Hapana. Niite vile ulivyokuwa ukiniita."

Alinitazama, shuka kifuani. Kisha akaita, kwa ile sauti yake ya kuvuka ua mzima, aliyoitumia zamani watoto wakizidisha michezo:

"Mama Austine!"

Mlango wa mwisho ukafunguka, na mzee Wekulo, fundi viatu, akachungulia. "Mama Austine amerudi?"

"Nimerudi," niliitika.