Uzi wa Ishirini

Tangu Fundi apigwe na kiharusi, maneno yake yote yalimkimbia, likabaki moja: ishirini. Ukimuuliza kama ameshiba, ishirini. Ukimuuliza ana watoto wangapi, ishirini, na mkewe, aliyezaa wawili tu akanyoosha mikono, hakujua acheke au alie.

Mke huyo watu walimwita Mama Mikoba. Karakana yao ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, na kazi waligawana tangu mwanzo wa ndoa: yeye alikata ngozi, mumewe alishona. Droo ya sindano hakuwahi kuifungua, na ile cherehani nzito ya ngozi, waliyoibandika jina la Nyati, aliigusa akiifuta vumbi tu. Kila mtu alikuwa na eneo lake, na ndoa ikaenda.

Asubuhi hiyo mkanda wa ngozi uliofunga chuma cha kuushikilia mguu wa Fundi uliopooza ulikatika. Bila mkanda Fundi hasimami, na saa sita mchana dada yake anakuja. Walishakubaliana: akimkuta kaka yake hawezi kusimama, anamchukua akakae kwake.

"Kaka hajielewi tena, wifi," alikuwa amesema kwenye simu, kwa upole uliomuuma Mama Mikoba kuliko tusi. "Wewe una kazi. Mimi nipo tu nyumbani."

Kukata mkanda mpya hakukumsumbua: ngozi nene, tabaka mbili. Ndipo akafungua droo, na akili ikavurugika. Sindano iliyokuwa tayari kwenye mashine ilitoka pakiti iliyoandikwa 110/18. Pakiti ya pili, haijafunguliwa, iliandikwa 160/23. Sindano moja, nambari mbili, za nini? Na kwenye rafu rili mbili za uzi mweusi, moja 20, nyingine 40.

"Fundi, uzi upi?"

Fundi, kitini pake karibu na dirisha, alimtazama sana. "Ishirini."

"Haya, na mimi nimejitakia."

Akachukua arobaini. Ngozi nene inataka uzi mnene, na arobaini ni kubwa kuliko ishirini, jambo ambalo hata mtoto wa chekechea analijua. Nyati akanguruma, mshono ukatoka mzuri wa kupigwa picha. Akakanyaga ncha moja ya mkanda, akavuta nyingine kwa nguvu zake zote. Mshono ukaachia wote mpaka mwisho.

Akazishika zile rili mbili, akazipapasa. Uzi wa ishirini ndio uliokuwa mnene. Nambari ndogo, uzi mkubwa.

"Aliyepanga hivi aligombana na nani?" aliuliza hewani. Kisha akamgeukia Fundi, maana ndiye aliyesema ishirini. Alijua, au lile neno lake limeangukia tu mahali pake?

Akajipa hesabu. Kama kwenye uzi mambo yako kinyume, basi na kwenye sindano yako kinyume, nambari ndogo ndiyo nene. Kwa hiyo 18 ikabaki pale pale, na pakiti ya 23 hakuigusa. Uzi wa ishirini aliulazimisha tunduni kwa mate na matusi. Mishono mitatu, uzi ukachambuka. Wa nne, sindano ikavunjika, na kipande kikampita sikioni.

"Fundi, nakuomba. Sindano ipi?"

"Ishirini."

Droo nzima haikuwa na sindano ya ishirini. Mama Mikoba akakaa chini sakafuni katikati ya vipande vya ngozi, na kwa mara ya kwanza akaogopa kwamba wifi yake anasema kweli.

Wifi mwenyewe akaingia na begi tupu la nguo. Alimshika Mama Mikoba bega kwa mkono wake wa kulia, wenye kovu kwenye kidole gumba na ukucha uliopinda.

"Wifi, unamuuliza yeye?"

Fundi akanyoosha mkono wa kushoto, ule mzima. Alitaka uzi. Mkewe akampa. Akavuta kipande cha urefu wa mkono, akaonyesha droo kwa kidevu. Mama Mikoba akatunga sindano nyingine ya 18, na Fundi akamwachia ncha ya juu, yeye akashika ya chini, uzi ukakaa mshazari. Sindano iling'ang'ania katikati, tundu lake halikuutosha uzi. Fundi akautikisa uzi, haikusogea, naye akatikisa kichwa.

Mama Mikoba akafungua pakiti ya 23, akatunga. Sindano ile ilishuka yenyewe, taratibu, kutoka kwenye vidole vyake mpaka kwenye ngumi ya mumewe. Fundi akaguna, mguno wake wa siku zote kazi ikikaa sawa.

Mshono wa safari hii waliuvuta wote wawili, mke na wifi, haukuachia. Wakamfunga mkanda. Fundi akasimama, mkono mmoja juu ya Nyati.

"Ni mazoea ya mkono tu," wifi alisema, lakini sauti ilikuwa imepungua. "Kaka, mimi ni nani?"

"Ishirini."

Wifi akainama kuchukua begi lake.

"Usimuulize kwa mdomo," Mama Mikoba alisema, na hata yeye hakujua kauli hiyo kaitoa wapi. "Mpe mkono."

Wifi akatoa wa kushoto. Fundi akauachia, akaufuata wa kulia. Akaupindua, akakitafuta kidole gumba, akaanza kulisugua lile kovu polepole.

Wifi alilia waziwazi. "Nilikuwa na miaka sita," alimwambia Mama Mikoba. "Niliingiza kidole chini ya sindano ya cherehani ya baba, na aliyekuwa anazungusha gurudumu ni yeye. Alinisugua hivi hivi mpaka nikanyamaza."

"Ishirini," Fundi alisema, kwa sauti ya chini.

"Najua, kaka," wifi akamjibu. "Hakiumi tena."